Guu Lisilosikia

Jemali aliletwa na nyigu.
Si kwamba alimuuma sana. Hakumuuma kabisa,
na hilo ndilo lililomtia hofu Nazibrola
akamvuta mumewe kwa mkono wa koti
hadi zahanati yetu hapa Telavi, mwezi wa mavuno,
suruali imekunjwa magotini, miguu bado ina wekundu.

"Alikuwa horini akikanyaga," akasema mke.
"Alipotoka nikamwosha. Nyigu huyu hapa,
amebanwa kati ya vidole, mwiba wote ndani.
Na yeye anaimba!"

Miaka arobaini na mmoja amekanyaga zabibu pekupeku
katika gogo lililochongwa na babu wa babu yake.
Nyayo zake zilijua kikonyo kibichi,
tunda lililolala na ukungu,
kokwa linaloomba lisipasuliwe.
Watu husema divai ni ulimi.
Jemali husema ni kisigino.

Nilianza na uzi wa nailoni, ule unaopinda kwa gramu kumi.
Nilimgusa mahali tisa, akataja tisa.
Akataja na la kumi,
nami nilikuwa sijagusa.

Nikatoa uma wa chuma, wa meno mawili,
nikaugonga kiganjani, nikausimamisha
juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu wa kulia.
"Fumba macho. Niambie mtetemo ukikoma."
"Bado," akasema. "Bado. Bado."
Mimi niliyeushika sikuwa na kitu tena vidoleni,
naye: "Bado, Eteri. Hiyo ni noti yangu,
ndiyo ninayoishikilia kanisani wenzangu wakipanda."

Hapo nikashtuka.
Mwimbaji wa sauti ya chini!
Alikuwa anasikia, naam,
ila kwa mlango wa jirani.

"Nazibrola, ziba."
Akamziba masikio kwa viganja viwili vyenye madoa,
kama anayepima tikiti sokoni.
Nikagonga tena, kwa nguvu,
hata vichupa vya dawa vikaitikia rafuni.
Chuma kikalia juu ya mfupa.
Jemali akakaa. Akakaa kwa adabu, macho yamefumbwa,
kama abiria aliyefika stesheni mapema.
Kisha akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa:
"Unaanza lini?"

Nazibrola alinitazama juu ya kichwa chake.
Hakuondoa mikono.

Asiyesikia la mkuu, tumeambiwa, huvunjika guu.
Lakini guu lenyewe likiacha kusikia
mkuu amwambie nani?

Nikapandisha uma. Unyayo: kimya.
Kifundo: "Hapo! Hapo kuna nyuki."
Nikachora mstari kwa kalamu ya bluu
kuzunguka mguu wake, chini kidogo ya kifundo,
kama alama ya mafuriko kwenye ukuta.
Nikamweleza sukari ya miaka sita inavyotafuna
kuanzia ncha, polepole, bila kupiga hodi.
"Tumewahi," nikasema.
"Kwa hiyo vitarudi?"
Nikapanga nyuzi zangu sandukuni.
Kuwahi si kurudi.

Mwaka huu horini yuko binti yao, Khatuna.
Jemali amesimama kando na mabuti meupe ya mpira,
mabuti ya daktari wa mifugo, anasema,
akimfokea: "Kushoto! Kuna kikonyo kushoto!"
Kwa macho, sasa. Anakosea mara nyingi.

Nazibrola amenisimulia mambo ya usiku.
Kabla ya kulala humvua soksi, huwasha taa,
hukagua kila upenyo kama mtu anayechambua mchele.
Kisha huizima, na gizani humgusa
vidole, kimoja kimoja, kwa ncha ya chake,
bila kufuata mpangilio.
Akisikia, Jemali huimba noti moja fupi.
Kidogo cha kushoto: noti.
Cha kati: noti.
Gumba la kulia

hapo Nazibrola husubiri.
Haondoi kidole.
Anasema mumewe siku hizi huvuta pumzi,
kama anayetaka kuanza.