Zamu ya Tatu

Sanduku lina uzito wa mtoto wa miaka miwili.
Nalishusha ngazi kwa ngazi, goti la kulia likinung'unika,
hadi chumba cha chini ya nyumba.
Duane Kivela keshafika, kavua viatu vya theluji,
kakaa palepale anapokaa tangu tulipokuwa na nywele.
Nje, Duluth imezikwa. Ziwa limeganda,
meli za chuma zimelala bandarini zikingoja Machi.

Juu ya mlango mkuukuu tuliougeuza meza:
ramani nne zilizoungwa kwa gundi,
vijumba vya pembe sita elfu mbili na ushei,
sega lisilo na asali.
Vipande vya karatasi ngumu elfu moja na mia nne,
kila kipande kikosi, kila kikosi na tarakimu tatu
ndogo kuliko maandishi ya kichupa changu cha dawa ya presha.
Kitabu cha kanuni kina kurasa mia na kumi na mbili.
Kipo cha pili, cha kusahihisha cha kwanza.

Nasoma kwa sauti:
"Kumi na nne nukta tatu. Nyumbu wabebao mizinga
wakiingia topeni siku ya pili ya mvua,
isipokuwa waliolishwa kwa mujibu wa jedwali la tisa..."
Nafunua jedwali la tisa.
Jedwali la tisa lanirudisha kumi na nne nukta tatu.
Soma tena, asema Duane. Nasoma tena.
Maneno yaingia sikio hili yatokea lile
bila hata kupangusa viatu.

Na mimi ndiye yule yule
niliyecheza tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku,
piza ya baridi mkononi, Marlys akigonga mlango
kuuliza kama tungali hai.
Kanuni nilizijua kama wengine wajuavyo sala.
Mwaka mmoja tulibishania daraja,
daraja la wino, upana wa ukucha,
tukanuniana hadi Pasaka.
Niliona fahari. Nilidhani ugumu ndio kina.

Duane, karani mstaafu wa reli ya madini,
anapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Tulianza Oktoba, leo ni Februari.
Zamu mbili zimekwisha, zimebaki arobaini na sita.
"Orrin," asema, "tutauteka mji mkuu
baada ya miaka saba na miezi minane."
Halafu, akitafuna kalamu: "Kama tutakuwepo."
Vita vyenyewe, sanduku lasema, vilichukua wiki kumi na nne.
Waliokufa topeni kweli
walikuwa wepesi kuliko sisi.

Anachukua kibano. Mkono unatetemeka,
sote twajifanya hatuoni.
Mnara wa vipande kumi na kimoja waporomoka,
Jeshi la Nne zima chali, mengine chini ya kiti.
Zamani tungepiga magoti na tochi.
"Walikuwa wapi?"
"Mahali fulani. Karibu na mto."
"Waache," asema. "Wamechoka."

Subira huvuta heri, ndiyo.
Yangu imevuta hadi kamba ikakatika,
na kule mwisho wa kamba hapakuwa na heri,
palikuwa na jedwali la tisa.

Nyuma ya boksi la taa za Krismasi kuna drafti.
Kete moja ilipotea, badala yake kifuniko cha chupa.
Tunaiweka magotini, maana meza ina vita.
Raundi saba. Ananifunga tano, mwizi yule,
anacheka hadi anakohoa,
na hakuna aliyefungua kitabu.
Hakuna pia aliyegonga mlango. Miaka sita sasa.

Akishaondoka nabaki kidogo na ramani.
Kuikunja siwezi, kuiendea siwezi.
Nazima taa. Nyumbu wale, nawajua,
wamesimama gizani, tope hadi magotini,
wakingoja mtu aje awasomee wanaruhusiwa nini.
Watangoja. Kesho saa tatu
nina kliniki ya macho.