Toa Uzito wa Gunia

Kazi yangu ni mizani. Miaka kumi na tisa
chama cha msingi, njia ya kwenda Urambo:
robota linapanda, sindano inatetemeka, inatulia,
nami nasoma kwa sauti mkulima asikie.
Sabini na mbili. Toa kilo moja ya gunia.
Sabini na moja. Andika.

Mimi mwenyewe nilijipima usiku,
karani kafunga daftari, mlinzi kaenda kununua sigara,
kwa kuwa mizani ya zahanati iliishia mia na hamsini
na muuguzi alinitazama kama mtu aliyeivunja.
Nilipanda palipopanda tumbaku.
Mia sitini na nane.
Hakukuwa na wa kumsomea.

Waliniita Robota. Niliitika.
Msibani nilibeba kigoda changu, cha mninga,
nisije nikavunja kiti cha watu mbele ya marehemu.
Kamba za viatu alizifunga Nyamizi,
kapiga goti, kimya, kama anayefunga mzigo wa safari.
Na njaa, msiniulize njaa.
Nilitafuna matobolwa mfukoni huku napima,
nikala mabaki ya watoto nimesimama gizani,
nikanawa, nikakaa mezani, nikala.

Tukauza kiwanja cha Kiloleni.
Treni ya Dar nilikata tiketi mbili, zote jina langu.
Daktari alichora: tumbo lako ndilo hili, kama kibuyu;
tutakuachia hili, kama ndizi.
Nikamuuliza, hicho mnachokikata mnakipeleka wapi?
Akacheka. Sikuwa natania.

Sasa nakula kwa kisahani cha kahawa.
Vijiko vitatu vya uji, kisha ukuta.
Kijiko cha nne ni jasho, ni ndoo,
ni kiganja cha Nyamizi kwenye paji la uso wangu.
Na asali! Mimi, mtu wa Tabora, mwana wa mrina asali,
nililamba ncha ya kidole tu,
moyo ukatoka mbio kama mwizi aliyeitiwa,
nikalala sakafuni saa nzima
nikimwomba radhi marehemu baba.

Sokoni wanashusha sauti nikipita.
Kaanza dozi? Au ni sukari? Maskini Nyamizi.
Mama Mwashi wa duka la vocha kaniletea mwarobaini,
hakusema wa nini. Nikapokea.
Nilipokuwa mnene walinicheka usoni;
nimekonda, wananililia kisogoni.

Mama yangu, macho yake yameingia ukungu,
alinipapasa bega, akapapasa tena.
"Huyu kaja na sauti ya mwanangu," akasema.
"Mwenyewe mmemwacha wapi?"

Pete nimeizungushia uzi.
Ngozi ya tumbo naikunja ndani ya suruali kama shuka.
Bado mlangoni napita ubavuubavu.
Bado kiti nakibonyeza kwanza, nakisikiliza.
Juzi, msiba wa Cheyo, nimeshafika uani
ndipo nikaona nimebeba kigoda.

Jana usiku nilipanda tena.
Tisini na nne.
Nikasoma kwa sauti, mlinzi akageuka.
Toa uzito wa gunia, nikasema, mazoea tu,
halafu kalamu ikakwama:
hizo kilo sabini na nne zilizokwenda,
zilikuwa gunia, au ndizo zilikuwa tumbaku?

Nyumbani godoro lina shimo langu la zamani.
Nimemwambia Nyamizi tuligeuze. Kakataa.
Miaka yote alilala ukingoni, kashika ubao
asije akaniporomokea.
Sasa anateremka makusudi,
na shimo linatutosha wawili,
na katikati yetu njaa
imejikunja, haijalala.