Safu ya Mrithi

Zamani tulikuwa tunafanya.
Bi Tunu Mwinchande alikuwa na daftari,
jalada limeshikizwa kwa plasta ya hospitali,
na ndani yake hatua arobaini na moja:
zima hiki, washa kile, subiri taa igeuke,
nakili, hesabu, nakili tena,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu: usikohoe hapa.
Seva ikianguka saa tisa usiku
alitoka Tabata na koti la mvua juu ya gauni la kulalia,
akaja Kijitonyama, akafuata hatua zake
kidole kwa kidole hadi alfajiri.

Siku hizi hatufanyi. Tunasema iwe.
Faili moja, kurasa mbili:
ziwe hifadhidata tatu,
moja iandike, mbili zisome,
nakala rudufu itolewe kila siku saa nane usiku,
jedwali la wanachama liwe na safu hizi na hizi.
Njia hatuitaji.
Kuna msimamizi asiyelala, ndani ya kontena
(si yale ya Kurasini, haya hayaoti kutu),
anasoma tulichotaka, anatazama kilichopo,
anasoma, anatazama,
kinachopungua anaongeza,
na kinachozidi

hapo ndipo.

Jumanne, mvua ya Aprili ikipiga mabati ya gereji ya jirani,
nilitaka faili lipendeze.
Nikaipanga mistari upya, kwa alfabeti,
nikatuma.
Sikuona kwamba baina ya mkopo na namba ya simu
mstari mmoja haukurudi.

Chama chetu kina watu elfu kumi na moja na ushee:
mafundi cherehani wa Kariakoo, wapika chapati wa Buguruni,
wenye vibanda vya simu Mwenge,
na kila mmoja, siku ya kujiunga,
aliulizwa kwa sauti ya chini: ukitutoka, apewe nani?
Wengi walitaja mtoto.
Mwajabu Ngoteya alitaja dada
wasiyesemezana tangu arobaini ya baba yao.
Fundi Chikawe alitaja jina ambalo mkewe halijui.
Mmoja aliandika: msikiti.
Mmoja: bado natafuta.

Kwa msimamizi, nisichokiandika ndicho nisichokitaka.
Hana kinyongo. Hana "bosi, una hakika?"
Mtiifu, kama maji kwenye mteremko.

Lakini alisimama.
Kwenye skrini: kufuta kunasubiri idhini.
Nikapekua. Juu kabisa ya faili kulikuwa na mstari
uliowekwa kabla sijaajiriwa,
kufuta: hapana, mpaka mtu aseme,
na kando yake maelezo ya maneno mawili:
usikohoe hapa.

Nilimpigia. Amestaafu, anafuga kuku Chanika,
niliwasikia wakigombana nyuma yake.
"Ulifanya, au uliandika?"
Niliandika.
"Basi andika tena. Na usome kwa sauti,
kama barua ya posa. Neno likiruka, harusi imekufa."

Nikasoma kwa sauti, peke yangu ofisini,
mlinzi akichungulia dirishani:
mrithi: jina, herufi mia mbili, isiwe lazima.
Msimamizi akasoma, akatazama,
hakuona tofauti,
akanyamaza.

Umeme ukakatika. Jenereta likakohoa mara mbili
kabla ya kushika.
Taa ziliporudi, hifadhidata moja ilikuwa imeanguka
na nyingine imeshakaa mahali pake,
wala hakuna aliyeniamsha, wala aliyeniuliza njia.

Nikafungua fomu yangu mimi, mwanachama namba 8,214.
Mkopo: sina. Namba ya simu: ipo.
Kati yao, tupu.
Miaka mitatu sasa, tupu.
Kishale kinapepesa.
Isiwe lazima, nimeandika mwenyewe.