Vidole Vilevile

Chanda chema huvikwa pete.
Changu kilivikwa wino.
Afisa alinishika kidole kimoja kimoja
kama mtu amenyaye njugu,
akavibiringisha juu ya karatasi bila kunitazama usoni.
Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na fulana ya kuazima.
Nilighushi sahihi ya daktari kwa vidonge thelathini.
Sahihi yenyewe ilikuwa nzuri. Nakiri hata hilo.

Leo ni kioo, chini yake taa ya kijani.
"Bonyeza kidogo, Renae," asema kijana wa mashine.
Ananiita kwa jina, ananipa karatasi laini nijifute
ingawa hakuna cha kufuta.
Nje, Duluth imezama magotini kwenye theluji,
ziwa limeganda mpaka macho yanapokomea,
na basi la saa tatu limeshanipita.

Fomu ina kisanduku, punje ya mchele haienei.
"Je, umewahi kupatikana na hatia?"
Nikatia alama. Chini yake wameacha mistari minne: "Eleza."
Mistari minne, jamani.
Nianzie wapi? Kwenye mgongo wa mama,
kwenye chupa yake ya dawa juu ya friji,
au usiku ule nilipojua kuwa kifuniko
hufunguka ukikibonyeza kwanza?
Nikaandika: nilikuwa mgonjwa, nikaiba dawa.
Nikakata. Nikaandika: niliiba dawa.
Ikabaki mistari mitatu, mitupu.

Yaliyopita si ndwele, husemwa, tugange yajayo.
Yangu ni ndwele.
Yana namba ya faili, yana tarehe, tena yanaambukiza:
yakimgusa mwajiri, ananawa mikono.

Miaka tisa nimefua mashuka ya hospitali hii, ghorofa ya chini,
pasipo dirisha.
Damu hutoka kwa maji baridi.
Ukiimwagia ya moto inaivia kitambaani, haitoki tena.
Hilo nililijua kabla ya darasa lolote.

Darasa lilikuwa la usiku. Mwalimu Pa Houa Vang,
mfupi, mkali, viatu vyake vikilia sakafuni,
alinishika dole gumba akaliweka kando:
"Hili lina mapigo yake. Ukilitumia
utajihesabu mwenyewe, ukidhani unamhesabu mgonjwa."
Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo,
hata na hakimu.

Kisha baraza. Watu watatu, jagi la maji,
saa ya ukutani iliyosimama.
"Tukikupa ufunguo wa kabati la dawa, utafanya nini?"
Nilikuwa na hotuba. Ikayeyuka.
Nikasema: nitahesabu vidonge mbele ya shahidi.
Nitahesabu tena.
Na siku mkono wangu ukikawia pale ndani
nitamwambia mtu kabla sijavaa koti.
Mama wa katikati alivua miwani.
Yule wa kushoto aliandika kitu
kirefu kuliko jibu langu.

Barua ilikuja Machi, imelowa pembeni.
Leseni, yenye masharti: miaka miwili bila ufunguo,
mkojo kwenye kikombe kila mwezi,
na msimamizi wa kuniandikia ripoti.
Rafiki yangu Shawna aliita matusi.
Mimi nilienda kununua viatu.

Usiku wa kwanza, chumba cha kumi na nne,
mzee Ostby, mchimba chuma wa zamani, hasikii vizuri,
alinyoosha mkono kabla sijauomba.
Nikaweka vidole viwili, dole gumba nimelikunja mbali.
Ngozi kama karatasi ya vitunguu. Chini yake, kitu kinagonga.
Sabini na mbili.
"Bado nipo?" akauliza.
"Bado upo."

Nikaandika sabini na mbili, nikaandika saa,
nikatia sahihi.
Mbaya, imepinda, herufi ya mwisho imeanguka nje ya mstari.
Hakuna atakayetaka kuighushi.