Pango la Milele

Mwandiko wa baba haukutetemeka,
ndiyo maana walimchukua:
vipande vinne vya fedha kwa mwezi, na chai,
anakili kanuni za ardhi kwa herufi zetu
kwenye chumba cha konsuli, ng'ambo ya mfereji.

Kifungu cha kwanza: kutoka mtoni hadi jiweni.
Cha pili: kutoka jiweni hadi mferejini.
Cha tatu kilikuwa kirefu, kilihusu mitaro,
nani alipie taa, nani asombe samadi, saa ngapi.
Jioni alirudi na wino kuchani
akitueleza mji wa Shanghai
kama anayesimulia ndoto ya mwenziwe.

"Hawanunui," alimwambia mama. "Wanapanga tu."
"Hadi lini?"
Alikohoa. "Neno nililopewa ni milele."
Mama alikuwa anachambua maharage. Akatupa moja bovu.
"Mpangaji wa milele," akasema. "Sasa mwenye nyumba ni nani?"

Pamba ya shangazi Xiuzhu ikaandikwa Kiwanja Namba 61.
Mnyororo ulipita juu ya matuta,
vijana wawili wakiuvuta, mpimaji akihesabu kwa lugha yake,
na Ruan Abao, mzee wa kata, akitia dole gumba
kila ulipokoma.
Bila dole lile hati haikuwa hati.
Alipewa kofia.

Kwenye kona ya kiwanja walilala babu na bibi,
vichuguu viwili vya majani.
Kifungu cha tano kiliwataja. Baba alikinakili mara tatu:
makaburi yasibughudhiwe,
jamaa waje kufagia siku zilizowekwa,
maiti mpya asizikwe humo.
Alitusomea kwa sauti, uso umemng'aa.
"Mnaona? Wametukumbuka."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Basi tulipona, tukapata leseni:
ya mkokoteni, ya mbwa, ya kuuza uji penye kona.
Tulilipia taa iliyomulika mlango wa wengine,
na walipa kodi walipokutana kupiga kura
baba ndiye aliyewapangia viti.

Alikufa mwaka wa baridi kali.
Aliomba kitu kimoja tu, alazwe miguuni pa mama yake.
Namba 61 ilikuwa ghorofa tatu na piano.
Nilikwenda kwa konsuli. Karani mpya, kijana wa heshima,
alifungua jalada, akaligeuza nisome mwenyewe.

Kifungu cha tano.
Neno *mpya*, na mkia wake mrefu,
vilevile alivyonifundisha kizingitini
kwa kijiti kilicholowa maji.
Haukutetemeka.

Tukamzika nje ya jiwe la mwisho,
kwenye shamba la figili la mtu wa mbali.
Mwaka wa tatu jiwe lilisogea.
Mnyororo ukapita, tukapewa namba,
na kifungu kilekile, sasa kwa mashine ya chapa.

Siku ya kufagia nabisha mlango wa nyuma na ufagio wangu.
Mpishi ananijua. Tunapita chini ya shuka zilizoanikwa.
Nafagia babu, nafagia bibi,
halafu napanda mkokoteni kwenda kwa baba,
na huko pia nabisha.