Somo la Nne

Mtaala ulikuja na barua kutoka Reykjavík:
"Lengo: mwanafunzi awe raia wa dunia."
Nikaubandika ukutani, karibu na hita.
Kufikia Ijumaa pembe zake zilikuwa zimejikunja.

Miaka tisa nilifundisha Kifaransa hapa,
kijiji cha kiwanda kimoja na gati moja,
watoto wakiniuliza, bila ubaya,
"Mwalimu, huyo Mfaransa atatujia lini?"
Hakuja.
Waliokuja ni Wapolandi.
Walishika visu kiwandani,
wakanunua maziwa duka letu lile lile,
nasi miaka yote hiyo tukawasalimu kwa kidevu.

Basi nikaacha Kifaransa.
Usiku nikawa naenda kwa Bogumiła, mpasua samaki,
kujifunza mezani jikoni mwake,
ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wangu,
siku nyingine nusu ukurasa.
Lugha ya konsonanti zilizobanana
kama watu wasiotaka baridi ipite katikati yao.
Ulimi wangu wa miaka hamsini ulijikwaa,
Bogumiła akacheka hadi akashika ukuta.
"Tena," akasema.
Ndilo neno la kwanza nililolielewa.

Februari theluji ilifunga barabara ya mlimani.
Ndege haikuruka siku nne.
Zdzisław wa mashine ya barafu
akapigiwa simu: kaka yake amefariki, mazishi Jumatano.
Jumatano alikuwa hapa, dirishani.

Kormákur, jirani yake, miaka kumi na minne,
mvivu wangu wa safu ya nyuma,
alivuka theluji ya kiunoni
na sufuria ya supu aliyopewa na mama yake.
Kichwani alikuwa na masomo manne tu:
salamu, mkate, hali ya hewa, familia.
Alisimama mlangoni, akachagua.
"Una ndugu wangapi?"
Lafudhi yenyewe ya kunitia aibu.

Zdzisław akasema, "Watatu."
Akanyamaza.
Akasema, "Wanne."
Kisha akawataja, kidole kwa kidole,
na kile cha nne akakikamata kwa mkono wa pili,
akakishikilia, supu ikipoa.

Jumatatu Kormákur alinyoosha mkono,
mara ya kwanza tangu Agosti.
"Mwalimu, somo la msiba ni la ngapi?"
Nikafungua ukurasa wa yaliyomo:
uwanja wa ndege, hoteli, sokoni, kwa daktari wa meno.
Nikarudia kusoma, kama mtu anayesaka funguo
mfukoni alimokwisha kupekua.

Tukafunga kitabu.
Nikampigia simu Bogumiła kiwandani.
Alikuja na aproni yake, magamba yaking'aa mikononi,
akachukua chaki, akaliuliza darasa
kwa Kiaislandi chake cha kuungaunga:
"Kwanza, kwenu mnasemaje?"

Watoto kumi na mmoja, wazawa wa lugha hii,
wakatazamana.
Hakuna aliyejua.
Mimi nami nikageukia dirisha.