Jeki ya Dishi, Mkomani

Bi Mwanashee aliniita kwa ajili ya dishi:
limeelekea magharibi, limegoma kurudi.
Nikapanda darini na mita na bisibisi,
Lali akabaki chini, kidole kwenye rimoti.

"Mashariki!"
Jeki ikanguruma,
ikasogea upana wa ukucha, ikanyamaza.
"Namba?"
"Haijatoka ishirini na saba!"
"Tena!"
Ukucha mwingine. Kimya.
"Bado ishirini na saba, na bibi auliza kama utakula."

Nikapima: umeme upo, volti thelathini na sita.
Mota nzima. Basi si ugonjwa wa nguvu,
ni ugonjwa wa hesabu:
mkono unakwenda, boksi kule chini halina habari,
linadhani umekwama, linaukatia umeme.

Nilipofungua kifuniko, maji ya kutu yakaniingia mkononi.
Swichi ya sumaku, nyembamba kama sindano ya kofia,
imekatika.
Na lile tundu la chini, la kutolea maji,
limezibwa kwa chokaa, tena kwa ustadi,
siku walipopaka nyumba kwa ajili ya Maulidi.
Nimlaumu nani? Aliona tundu, akaziba.

Nikazibua kwa msumari. Nikatia swichi mpya.

"Mashariki!"
"Ishirini na nane! Ishirini na tisa! Thalathini!"
Lali ahesabu kwa sauti ya chuoni, akiyumba bila shaka,
na dishi lageuka, zito, likidondosha kinyesi cha kunguru,
hadi "Basi! Basi! Maskati imeingia,
na bibi asema wali unapoa."